Batri inaisha kila asubuhi? Pima kwanza kabla ya kununua mpya

UVIRA – Jioni motokari imezimwa ikiwa nzima. Asubuhi ufunguo unazungushwa, lakini mota haishiki, na vijana wa mtaa wanaitwa kusukuma. Wakaaji wa Nyamianda na mitaa mingine ya Uvira wenye motokari za zamani wanaijua hali hiyo. Kwa dereva wa teksi anayeelekea Kavimvira, ni safari za kwanza za siku zinazopotea.

Wengi hukimbilia kununua batri mpya. Lakini kama kuna waya au kifaa kinachokula umeme usiku, hata batri mpya itaisha vilevile. Tena, batri ya risasi inayoachwa tupu mara kwa mara huharibika kabla ya wakati wake.

Kabla ya kumtafuta mwizi huyo, batri yenyewe ipimwe kwa mita ya umeme. Motokari ikiwa imelala, batri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Mota ikiwashwa, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alternata haichaji, na shida si ya usiku.

Kama inachaji vizuri, zima kila kitu, toa ufunguo na funga milango. Ondoa waya wa upande wa hasi, ule mafundi wanaouita moins, kisha weka mita katikati ya waya huo na batri, kwenye kipimo cha ampea 10. Subiri kama nusu saa ili vifaa vyote vilale. Usijaribu kuwasha mota wakati mita imefungwa hapo, itaungua. Usivute sigara karibu, kwani batri hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Motokari nyingi zikilala hula chini ya ampea 0.05, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio. Taa ndogo ya wati 5 iliyobaki inawaka ndani ya buti hula ampea 0.4 hivi. Inaonekana kidogo, lakini kwa siku tatu inamaliza nusu ya batri ya ampea-saa 60.

Kipimo kikiwa juu, toa fyuzi, au fusible kama wengi wanavyosema, moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikitolewa namba inashuka ghafla, ndiyo inayoonyesha njia ya mwizi. Baada ya hapo, chomoa vifaa vya njia hiyo kimoja kimoja: redio, alamu, taa, rilei. Asiye na mita anaweza kufunga balbu ndogo ya volti 12 mahali pake: ikiwaka sana, umeme unapotea; ikififia fyuzi inapotolewa, njia imepatikana.

Fyuzi zote zikitolewa na namba isishuke, angalia alternata na mota ya kuwashia, ambazo waya zake nene kwa kawaida hazipiti kwenye sanduku hilo la fyuzi. Diodi ya alternata ikiharibika, umeme hurudi nyuma usiku kucha. Funga tena waya wa hasi mwisho, baada ya kumaliza kugusa waya hizo.

Uvira ina sababu nyingine ya kuangalia waya: maji. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, maji na matope viliingia hadi ndani ya nyumba. Motokari iliyowahi kuzama inaweza kubaki na kutu kwenye viungo vya waya, na kutu hiyo hupitisha umeme polepole, hata miaka baadaye. Redio na alamu zilizofungwa barabarani kwa waya zilizosokotwa tu zichunguzwe pia.

Mwizi akipatikana, mara nyingi dawa yake ni kusafisha kiungo, kubadilisha rilei au kufunga waya upya. Lakini fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya: siku umeme ukizidi, kitakachoungua si batri tena, ni motokari nzima.