Upana wa Namba Usiachiwe Kompaila

Faili la picha la TIFF huanza na baiti nane za utambulisho. Mbili za kwanza ni herufi, ama II ama MM. Mbili zinazofuata zina namba 42. Nne za mwisho zinaeleza ni baiti ya ngapi inapoanzia orodha ya sifa za picha, yaani upana wake, urefu wake, rangi zake na kadhalika. Mpangilio huo ni uleule kwa faili lililohifadhiwa mwaka 1992, ulipotolewa mwongozo wa TIFF 6.0, na kwa lililohifadhiwa leo asubuhi. Kinachobadilika ni mashine inayolisoma, na hapo ndipo lugha ya C inapomtega mwandishi wa programu.

C haisemi namba kamili ya aina ya int ina biti ngapi hasa. Kanuni yake inataka int isipungue biti 16 na long isipungue biti 32. Mengine yote yameachiwa kompaila. Enzi za MS-DOS, int ilikuwa na biti 16 kwenye kompaila nyingi. Kwenye kompyuta za leo kwa kawaida ina 32. Long ina vituko zaidi: Linux ya biti 64 huipa biti 64, ilhali Windows ya biti 64 imeibakiza na 32. Ni kama kupima kitambaa kwa dhiraa: urefu unategemea mkono wa mpimaji.

Tuone madhara yake. Mwanaprogramu anatengeneza muundo (struct) wenye sehemu tatu: herufi mbili, namba ya aina ya short, kisha long. Anaamuru utambulisho wa faili usomwe na kumwagwa humo moja kwa moja. Kwenye Windows muundo huo una baiti nane barabara na kila kitu kinakaa mahali pake. Kwenye Linux ya biti 64, long inachukua baiti nane peke yake, na kompaila huacha pengo la baiti nne mbele yake ili ianzie mahali panapoifaa prosesa. Muundo sasa una baiti 16. Zile baiti nne zenye taarifa tunayoitaka zinadondokea kwenye pengo, na long inabeba baiti nyingine kabisa zilizofuata ndani ya faili. Kompaila hailalamiki, kwa kuwa kwa sheria za C hakuna kosa. Mtumiaji anachoona ni picha iliyokataa kufunguka.

Watunzi wa maktaba za picha walilijua tatizo hili mapema. Libtiff, maktaba iliyoanzishwa na Sam Leffler mwishoni mwa miaka ya 1980, ilijitungia majina yake kama uint16 na uint32, ikayafafanua kulingana na mashine. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Majina mafupi namna hiyo yaliwavutia watu wengi, na programu iliyounganisha maktaba mbili ingeweza kukuta uint32 imefafanuliwa mara mbili kwa njia zisizolingana. Libpng, maktaba ya picha za PNG, ilijikinga kwa kutanguliza jina lake: png_uint_32.

Suluhisho la wote lilikuja na kanuni ya C ya mwaka 1999, ndani ya faili la stdint.h. Humo uint8_t, uint16_t na uint32_t ni namba zisizo na hasi, zenye biti 8, 16 na 32 kamili, hazipungui wala hazizidi. Mashine isiyoweza kutoa upana huo hailazimishwi kuwa na jina hilo, hivyo programu inagoma kujengwa tangu mwanzo. Afadhali igome mezani kwa fundi kuliko kuharibu picha za mteja. Libtiff yenyewe ilihamia kwenye majina haya katika toleo la 4.3.0, mwaka 2021.

Hata hivyo, upana ukishajulikana kazi haijaisha. Kwanza, kuna mpangilio wa baiti. Faili lenye II huandika 42 kwa kutanguliza baiti ndogo, 2A (yaani 42 kwa heksadesimali) kisha 00. Lenye MM huandika 00 kisha 2A. Ukisoma kinyume, 42 inageuka 10,752, ingawa upana ni sahihi.

Pili, kuna kufurika. Chukua picha ya pikseli 40,000 kwa 30,000, kila pikseli ikiwa na baiti nne. Inahitaji baiti 4,800,000,000. Lakini uint32_t inaishia 4,294,967,295. Ikipita hapo inaanza upya kutoka sifuri, na jibu linakuwa 505,032,704. Programu inaomba kumbukumbu ya kiasi hicho, kisha inamimina humo baiti bilioni 4.8. Zinazozidi zinafunika data nyingine, na mdukuzi anayejua kutengeneza faili la hila anaweza kupitia mlango huohuo. Ndiyo maana libtiff ina vipande vya msimbo kama _TIFFMultiply32, ambavyo kazi yake ni kuzidisha na kukagua kama jibu limeenea.

Kwa anayeandika C inayogusa picha, kanuni za kufuata ni chache. Kila namba inayotoka kwenye faili isomwe baiti kwa baiti na kuwekwa katika aina yenye upana uliotajwa, kamwe isiwe int wala long. Muundo mzima usimwagiwe faili moja kwa moja. Ukubwa wa kumbukumbu upimwe kwa namba ya aina ya size_t, na kila kuzidisha kukaguliwe kabla kumbukumbu haijaombwa. Na ukirithi msimbo wa zamani, anza kwa kutafuta neno long. Makosa mengi ya aina hii utayakuta hapo.