Ubao wa Kupandia Bahari Waundwa Gikomba

Mtu akikwambia kwamba kuna chombo cha baharini kimeundwa Gikomba, mahali ambapo maji yaliyo karibu ni ya Mto Nairobi ambayo hata bata huyakwepa, bila shaka utamtazama mara ya pili ujue kama ni mzima. Mimi pia ningefanya hivyo, lau si mimi mwenyewe niliyekishika upande mmoja huku fundi akikata upande wa pili.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, lakini huu ni mwaka wangu wa 32 nikikaa Majengo, Pumwani, ninakoshona kanzu katika kibanda kisicho mbali na Digo Road. Msomaji wa pwani asishangae jina hilo. Huku Eastlands majina ya kwetu ni mengi: Majengo tunayo, Makadara tunayo, Kaloleni tunayo. Kilichokosekana ni bahari tu.

Mpwa wangu alikuja kwangu mwaka jana kutoka Kwale, kijana wa miaka 22. Kwa misimu miwili alikuwa akifanya kazi ndogo ndogo huko Galu, kusini ya Diani, akiwasaidia wageni wanaocheza mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji. Yeye kazi yake ilikuwa kupuliza tiara, kunyoosha kamba na kukimbilia mbao zilizochukuliwa na mawimbi. Alijifunza mchezo wenyewe kwa kuazima, mgeni akienda kula naye ataomba dakika kumi. Lakini mtu hawi mwalimu kwa kuazima. Ubao mpya wa kiwandani, pindi ukifika hapa, bei yake ni mishahara ya miezi kadhaa ya mtu kama yeye.

Mamake, ambaye ni dada yangu, hakutaka kusikia habari za tiara. Alimleta Nairobi ajifunze kuendesha gari, apate leseni, atafute kazi ya matatu. Akanikabidhi mimi shilingi 18,000 za kumlipia chuo cha udereva. Akasema, "Kaka, hizi ni amana." Nalitumia neno hilo hapa makusudi, kwani ndilo lililoninyima usingizi miezi mitatu.

Kabla sijafika huko, nieleze kidogo mchezo huu kwa wale wasioujua. Tiara yenyewe si ya karatasi na chelewa kama zile tulizorusha sisi utotoni. Ni kitambaa chepesi cha mita za mraba tisa, kumi, hata kumi na mbili, chenye mishipa inayojazwa upepo kwa pampu, ili ikianguka majini isizame na iweze kupaa tena. Wazo hilo la mishipa ya upepo lilitoka kwa ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioliandikisha mwaka 1984, wala dunia haikuwajali mpaka miaka ya tisini. Mtu huvaa mshipi kiunoni, akaunganishwa na kamba nne za mita 20 na kitu, na miguuni amekanyaga ubao. Mwaka 2024 mashindano ya tiara yaliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, wakishindana huko Marseille. Lakini kuvutwa na tiara si jambo la jana. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza kwa mashua iliyovutwa na tiara.

Basi kijana alikaa kwangu wiki moja tu, siku ya nane akanijia na karatasi aliyoichora mwenyewe. Urefu sentimita 138, upana 41, mkunjo sentimita nne. "Mjomba," akasema, "fundi yeyote wa Gikomba anaweza kuutengeneza huu." Nikamwambia anioneshe fundi huyo. Alikuwa amekwisha kumpata! Mzee mmoja anayetengeneza vitanda na makabati, ambaye bahari ameiona mara moja tu alipokwenda harusini Malindi.

Ubao wa kwanza tuliufanya kwa fedha zangu na ujinga wetu. Tulichukua plaiwudi nyepesi mbili, ile ya makabati, tukazipaka gundi nyeupe ya mbao, tukazilaza juu ya kalibu yenye mgongo wa sentimita nne, tukapanga mawe juu yake. Asubuhi tulipoyaondoa, ubao ulijinyoosha nusu, mkunjo ukabaki sentimita mbili. Kumbe mbao zilizokunjwa hutaka kurudi zilikotoka, na kalibu lazima izidi kipimo unachokitaka. Hilo lingevumilika. Jioni tukauzamisha ndani ya pipa la maji, tukaulaza humo usiku kucha. Kulipokucha ulikuwa umefunguka kama msahafu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema maneno ya maana: kwamba yeye ameunda vitanda miaka 40 na hakuna hata kimoja alichoambiwa kitalala majini.

Hapo ndipo fedha za amana zilipoguswa. Kijana alinieleza kwamba inahitajika plaiwudi ya vyombo vya baharini, ambayo gundi yake ya ndani haiogopi maji, na gundi ile ya makopo mawili inayochanganywa ikawa ngumu kama kioo. Vyote viwili ni ghali. Ningeweza kusema hapana. Nilisema nitafikiri, nikaswali isha, nikalala, na asubuhi nikamhesabia shilingi 11,000. Sikumwambia dada. Nilijidai moyoni kwamba nimekopa, lakini mkopo ambao mwenyewe hajui una jina jingine, na kila msomaji analijua.

Ubao wa pili tuliufanya kama watu wenye hofu. Kalibu iliinuliwa hadi sentimita tano. Plaiwudi mbili za milimita nne zikapakwa gundi hiyo, zikabanwa kwa jiliwa za kuazima kutoka mabanda matatu na magunia ya mchanga katikati, tukaziacha siku mbili kwa kuwa Nairobi mwezi wa Julai ni baridi na gundi hiyo hupenda joto. Ulipotoka, mkunjo ulikuwa sentimita nne kasoro kidogo. Fundi akaupiga randa pembeni ukawa mwembamba, akausugua kwa msasa, tukaupaka gundi tena juu na chini mara tatu. Wazee wetu walipaka vyombo deheni, mafuta kwa chokaa, kwa sababu hiyo hiyo: mti usinywe maji.

Vikorokoro vilivyobaki vilitoka mitaani humu humu. Vishikizo vya miguu tulivikata katika mpira wa gurudumu kwa mtengeneza akala, nami nikavishona kitambaa ndani visichubue. Mahali pa kukanyaga tuligandisha soli za ndara kuukuu. Mapezi manne madogo yalichongwa kutokana na ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Skrubu tulinunua zisizoshika kutu, baada ya mwuza duka mmoja kutuuzia kwanza zilizoshika kutu ndani ya bakuli la maji ya chumvi kwa usiku mmoja. Jumla ya uzito, kilo tatu na robo.

Majirani walikuwa na maoni yao. Mmoja aliuliza kama tunafungua chuo, kwa kuwa aliudhani ubao wa kuandikia Kurani wa zamani, ule wa kufutwa kwa maji. Mwingine, Mungu amsamehe, akasema ni wa kuoshea maiti.

Tulioupima kwanza ni ubavu wake. Tuliuweka juu ya matofali mawili, kimoja kila mwisho, na kijana mwenye kilo 64 akaruka juu yake mara 20. Ulipinda, ukarudi, haukulia. Kisha tukaenda uwanja wa Kamukunji na tiara ndogo ya mazoezi aliyokuja nayo, ya mita mbili tu, ili nione jinsi inavyovuta. Hapo watoto wa mtaa walitujaa. Hao ni mabingwa wa tiara kuliko sisi. Walikuwa wakizishona kwa juala za plastiki mpaka serikali ilipozipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sasa huokota karatasi za nailoni popote wazipatapo. Tiara ilivuta, lakini kivivu. Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huku ni nyepesi kwa yapata asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo upepo ule ule una mkono dhaifu. Tena kuna nyaya za umeme. Nilimkataza kurusha kubwa zaidi, na hilo ndilo jambo moja la busara nililolifanya mwaka ule.

Mwezi wa Agosti tulishuka kwa reli, ubao umefungwa ndani ya leso mbili. Askari wa ukaguzi aliufungua, akaugeuza, akatuuliza ni meza ya nini. Kijana akamjibu, "Ya bahari, afande," naye akatupungia mkono tupite, nadhani kwa kutuhurumia.

Galu tulifika kusi ikiwa imekaza, kama kilomita 30 kwa saa, ikitoka kusini na kuingia ufukoni kwa mshazari. Mwamba ulio mbali huvunja mawimbi, na maji ya ndani yake huwa bapa. Hatukwenda siku za bamvua, kwani maji yakijaa sana mchanga wa kutandikia tiara hupotea, na yakipwa sana hubaki mawe na fuma wa kuchoma miguu. Tulingoja yajae nusu, baada ya adhuhuri. Rafiki yake mmoja alimwazima tiara ya mita kumi na mshipi. Mimi nilichokagua ni suruali yake kama inavuka magoti, na kile kifyatuo cha kuachia tiara kama kinafanya kazi. Nikakifyatua mara tatu mwenyewe, maana mtu aliyeshindwa kuiacha tiara hupelekwa kwenye minazi.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa ameketi penye ngalawa yake. Akautazama ubao wetu, akauliza tezi iko wapi. Nikamweleza kwamba hauna tezi, ncha zote mbili ni omo, mtu akitaka kurudi hageuzi chombo, hugeuza tiara tu. Akatafuna neno hilo kwa muda. Kisha akasema: "Akirudi alipoondokea, hicho ni chombo. Asiporudi, ni gogo."

Maneno yake ndiyo mtihani wenyewe. Kwenda na upepo kila kitu huenda, hata kifuu cha nazi. Kazi ni kupanda joshi. Jahazi lina mkuku wa kulizuia lisisukumwe upande. Ubao huu hauna. Mkuku wake ni ukingo, mtu akiulaza kwa visigino mpaka ukakata maji kama kisu.

Mara ya kwanza kijana aliinuka, akaenda hatua 50, akazama pua. Mara ya pili alikwenda mbali kwa mbio nzuri, nikapiga takbiri peke yangu kama mwehu, lakini kila akirudi alikuwa chini zaidi, chini zaidi, mpaka akatoka majini karibu nusu maili kaskazini na kurudi kwa miguu, ubao kwapani. Mvuvi hakusema kitu. Mimi moyoni nilikuwa nikihesabu shilingi 11,000.

Tuliketi tukatazama. Vishikizo vya miguu tulikuwa tumevifunga karibu mno na ncha, akawa hawezi kuulalia ukingo sawasawa. Nashukuru fundi alitoboa matundu ya akiba. Tukasogeza ndani sentimita tano kila upande, kwa bisibisi ya mwenye kibanda cha chai.

Mara ya tatu aliondoka akiwa ameegemea nyuma kama mtu aliyeketi kitini. Akaenda hadi karibu na mwamba, akageuza tiara, akarudi. Alipofika ufukoni alikuwa mbele ya ngalawa, upande wa kusini, hatua kama 30 kupita alipoondokea. Mvuvi akanyanyuka, akajipukuta mchanga, akasema, "Ni chombo," akaenda zake kuswali alasiri.

Ningependa kuishia hapo, lakini siyo ilivyokuwa. Kijana alifurahi, akaruka juu, na aliposhuka mara ya nne nilisikia mlio hata kutoka pwani. Ubao ulikuwa umepasuka nyuma ya kishikizo kimoja, mahali ambapo yale matundu ya akiba yalikaa karibu karibu, na maji yalikwisha kuingia. Kamba hukatikia pembamba. Kile kile kilichotuokoa ndicho kilichouvunja.

Usiku ule tulilala kwa dada. Nilimweleza yote kabla ya chakula, ili asije akanilisha bila kujua. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akamwuliza mwanawe, "Ulirudi ulipoondokea?" Akasema, "Ndiyo, mama." Akanigeukia mimi: "Na fedha zangu je, kaka, zitarudi zilipoondokea?"

Nimekwisha kumlipa 7,000. Kijana anasoma udereva siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki yuko kwa fundi, ambako kuna ubao wa tatu umebanwa kwenye kalibu, wa plaiwudi tatu nyembamba badala ya mbili, bila tundu hata moja la akiba.