Kutwa Bila Mtandao Kando ya Ziwa Superior

Ukisikia mtu yuko Marekani, unadhani simu yake inashika mtandao kila mahali. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi Julai moja nilipoenda Michigan kumtembelea dada yangu. Siku hiyo nilitembea kilomita 16 kando ya ziwa, nikaona majabali na maporomoko ya maji ambayo sitayasahau. Niliporudi kwenye gari, binamu yangu huku Kenya alikuwa amepoteza shilingi 8,000 kwa sababu yangu.

Meseji ya asubuhi

Mahali penyewe panaitwa Pictured Rocks, karibu na mji mdogo wa Munising. Ni ufuo wa Ziwa Superior uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1966. Kwa ukubwa wa eneo, Superior ndilo ziwa la kwanza duniani kati ya yale yasiyo na maji ya chumvi. Victoria letu ni la pili.

Tukiwa bado tunafunga viatu, simu yangu ikalia. Ni rafiki niliyesoma naye. Aliandika: "Bro, nimekutumia code kimakosa, ina nambari sita. Nirushie haraka." Kweli, meseji yenye nambari sita ilikuwa imeingia. Nikaituma bila kufikiria, nikatia simu mfukoni. Kumbe akaunti ya rafiki yangu ilikuwa imeshatekwa, na ile nambari ilikuwa ufunguo wa akaunti yangu mimi ya kuchati.

Ilikuwa saa tatu asubuhi kule. Kenya ilikuwa saa kumi jioni.

Njia yenyewe

Barabara ya kufika pale ni ya vumbi, na ukiingia msituni mtandao unapotea kabisa. Sisi tulifurahi. Dada yangu akasema, "Leo hakuna mtu wa kutusumbua."

Baada ya kama kilomita mbili tulifika Chapel Falls. Maji yanateremka juu ya mwamba kwa karibu mita 18, katikati ya miti. Tukaendelea hadi ufuoni, kwenye jiwe linaloitwa Chapel Rock. Juu yake kuna msonobari mmoja tu. Zamani kulikuwa na daraja la mawe lililounganisha jiwe hilo na nchi kavu, lakini lilianguka miaka ya 1940. Mizizi ya mti ikabaki imening'inia hewani, imevuka pengo kama kamba nene, na mpaka leo inavuta chakula kutoka ng'ambo.

Hapo kando kuna ufuo wa mchanga. Nilivua viatu nikatia miguu majini. Jamani! Julai, jua linawaka, lakini maji ni baridi kama ya friji.

Kutoka hapo njia inafuata ukingo wa majabali kwa kama kilomita saba. Sehemu nyingine za majabali hayo zinafika mita 60 kwenda juu. Yana michirizi ya rangi kana kwamba mtu aliyamwagia rangi kutoka juu: nyekundu na chungwa ni za chuma, buluu na kijani ni za shaba, nyeusi ni za manganizi. Maji yanayopenya kwenye mwamba ndiyo hubeba madini hayo na kuyaacha ukutani.

Nilitaka kusimama ukingoni kabisa nipigwe picha. Dada yangu akanivuta shati. "Hilo ni jiwe la mchanga. Mawimbi yamelila chini. Unaona umekanyaga ardhi, kumbe chini hakuna kitu." Nikarudi nyuma hatua tatu.

Tulipumzika Mosquito Beach, kisha tukapitia maporomoko madogo ya Mosquito tukirudi. Tulifika kwenye gari saa kumi na moja jioni, miguu ikiuma lakini roho nyeupe.

Simu ilipoamka

Tulipokaribia mji, simu ikaanza kulia bila kunyamaza. Watu wa ukoo, wa chama, wa kazini. Karibu wote waliuliza jambo moja: "Umepata nafuu?"

Mwizi alikuwa ameandikia kila mtu kwa jina langu kwamba nimepata ajali Marekani na hospitali inataka pesa kabla ya kunitibu. Waliojaribu kunipigia walikuta simu haipatikani, jambo lililofanya hadithi ionekane ya kweli zaidi. Dada yangu pia hakupatikana, kwa kuwa tulikuwa pamoja.

Binamu yangu alituma 8,000. Kabla ya kuthibitisha aliona jina la mtu asiyemjua kwenye simu, akauliza. Akajibiwa, "Ni laini ya rafiki anayenisaidia huko Nairobi." Akabonyeza. Alipopiga huduma kwa wateja usiku huo, pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Mama aliombwa 15,000, pesa za chama alizokuwa akiweka. Yeye alijibu hivi: "Pole mwanangu. Kabla sijatuma, ng'ombe uliyekuwa ukichunga ukiwa mdogo aliitwa nani?" Mwizi akaandika, "Mama, achana na ng'ombe, hali ni mbaya." Mama aliweka simu mezani, akaenda kupika ugali.

Nilipompigia ilikuwa usiku wa manane kwake. Alisema tu, "Nilijua si wewe. Wewe usingemsahau Maua."

Binamu nilimrudishia pesa zake mwenyewe. Kosa lilikuwa langu.

Kabla hujaenda mahali simu haishiki

Si lazima uende Michigan. Hata hapa nyumbani kuna misitu na mabonde ambayo mtandao hupotea. Kwa hivyo:

- Waage watu wa nyumbani. Waambie unaenda wapi, utakuwa nje ya mtandao kutoka saa ngapi hadi saa ngapi, na nani wa kupigiwa ambaye hamko naye njiani.
- Usimpe mtu yeyote nambari ya uthibitisho wala PIN. Hata kama ni rafiki wa damu. Mpigie kwanza, usikie sauti yake.
- Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako ya kuchati. Ni dakika mbili tu kwenye mipangilio.
- Muwe na swali la familia. Jambo ambalo mgeni hawezi kulipata mtandaoni.
- Soma jina kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa la mtu mwingine, simama. Dharura ya kweli itasubiri simu moja.
- Ukishatuma kimakosa, usingoje asubuhi. Piga nambari rasmi ya huduma kwa wateja papo hapo. Tunaweza kujaribu kuzuia pesa ambazo bado ziko kwenye akaunti, lakini zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kisha piga ripoti polisi.

Na ukifika kwenye majabali, piga picha ukiwa hatua tatu nyuma.