Nishani za vita: Ipi ni ya ushujaa, ipi ni ya utumishi?

Familia ya Marachi, Kaunti ya Busia, inapofungua sanduku la babu aliyetumikia Keya, kama wenyeji walivyoliita jeshi la King's African Rifles, swali huwa moja: Je, nishani iliyomo ni ya ushujaa au ya utumishi?

Tofauti hiyo inadhihirika katika kisa cha Kapteni Eric Wilson, ofisa Mwingereza aliyewahi kuhudumu katika Keya kabla ya kuhamishiwa kikosi cha ngamia cha Somalia ya Waingereza.

Mnamo Agosti 1940, majeshi ya Italia yalivamia nchi hiyo. Wilson aliwekwa na bombomu zake kwenye kilima cha Observation Hill, katika mapito ya Tug Argan, njia ya kuelekea Berbera.

Kuanzia Agosti 11, mizinga ya adui ilikilenga kilima hicho. Bombomu zilirushwa kutoka kwenye miguu yake, baadhi ya askari wakauawa, naye akajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto. Alizirejesha mahali pake akaendelea kupigana, ingawa pia aliugua malaria, hadi ngome ilipotekwa jioni ya Agosti 15. Sajini wake Msomali, Omar Kujoog, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Ikidhaniwa kwamba amefariki, Wilson alitunukiwa Victoria Cross mnamo Oktoba 1940. Hiyo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, iliyoanzishwa 1856. Mwaka uliofuata alipatikana akiwa hai, mateka nchini Eritrea. Alifariki Desemba 2008 akiwa na umri wa miaka 96.

Sajini Nigel Leakey wa Keya, Mzungu mzaliwa wa Kenya, alitunukiwa nishani iyo hiyo baada ya kuuawa akikabiliana na vifaru huko Colito, Ethiopia, Mei 1941.

Hata hivyo, hakuna askari Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyeipata katika vita hivyo, ingawa ilikuwa wazi kwa vyeo vyote. Mapendekezo yaliandikwa na maofisa, na maofisa wa Keya walikuwa karibu wote Wazungu. Waafrika waliotambuliwa kwa ushujaa walipewa nishani za ngazi ya chini, kama vile Military Medal.

Military Medal ilichorwa jina la mwenyewe ukingoni. Africa Star na Burma Star, nyota zenye ncha sita, zilitolewa kwa utumishi, na kwa kawaida hazina jina.

Lakini nyota isiyo na jina haimaanishi kuwa mwenyewe hakuwa shujaa. Mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliosafiri kutoka Mombasa kwa meli Khedive Ismail walizama Februari 12, 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Japani. Hawakupata hata nafasi ya kufyatua mzinga.