VITAMINI D: JUA KABLA YA KUNUNUA

Je, umewahi kusikia ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi? Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa hupata ganzi, macho hufifia, miguu hukosa nguvu. Si kurogwa, wala hauambukizi.

Hapa Kampala, karibu na ikweta, ugonjwa huu ni nadra. Uko zaidi Canada na Sweden, kwenye jua kidogo. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, ambayo husaidia kuwatuliza askari hao.

Je, vidonge vyake huponya? Hapana. Utafiti wa Marekani wa 2023 ulionyesha kuwa kuongeza dozi kubwa juu ya dawa hakukuzuia ugonjwa kurudi. Ule wa Ufaransa wa 2025 uliona nafuu kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa.

Kwa hiyo kumbuka:

- Usiache dawa za hospitali kwa sababu ya vitamini.
- Usinunue dozi kubwa bila ushauri wa daktari. Ikizidi, huharibu figo.
- Kama unashinda chumbani Kisenyi au Katwe, toka nje upate jua, wewe na mtoto.
- Jicho likififia ghafla, au ganzi ikikaa zaidi ya siku moja, nenda kituo cha afya cha serikali. Usingoje.