Tabia ya Nchi na Tabia ya Miti: Habari za Pori la Urambo

Wasomaji wetu wa Urambo wanalijua pori la miyombo tangu utoto wao. Humo hupatikana kuni, asali, uyoga, dawa na mbao. Lakini jambo lililozoewa na macho mara nyingi haliulizwi sababu. Kwa nini mtundu na muva vimejaa kila upande, na mninga huonekana mmoja hapa na mwingine kule? Kwa nini miti mingine ikikatwa huchipua upesi, na mingine ikikatwa pengo lake hukaa miaka mingi? Jibu la maswali haya latoka katika tabia ya nchi. Twapenda kulieleza, maana ajuaye sababu hiyo atajua pia mti gani aukate na mti gani auache.

Nchi ya Urambo iko zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari. Mvua huanyesha kwa kawaida tangu Novemba hata Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 800 hata 1,000. Si mvua chache. Taabu ni kwamba huja yote pamoja, kisha hufuata kiangazi cha nusu mwaka, jua kali, majani makavu na moto. Tena udongo wa nchi hii, mahali pengi, ni wa kichanga na hauna rutuba nyingi. Basi mti utakaokaa hapa lazima ushinde mambo matatu: kiu, moto na njaa ya udongo.

Kwanza tutazame miti iliyo mingi, yaani mtundu, myombo na muva. Ingawa majina yake ni mbalimbali, miti hii ni ya jamaa moja, na desturi zake zalingana, kwa kuwa shida zake zote ni moja. Kiangazi kinapozidi, hupukutisha majani ili isipoteze maji. Lakini haingoji mvua ianze. Mwezi wa Septemba au Oktoba, nchi ikiwa ingali kavu, huchipua majani mapya mekundu kama shaba, kwa maji yaliyowekwa katika shina na yaliyovutwa na mizizi kutoka chini sana. Hivyo mvua ya kwanza inaponyesha, majani yako tayari kufanya kazi.

Mbegu zake nazo hufuata kalenda hiyo hiyo. Maganda hukauka kwa jua, kisha hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu hatua chache tu. Zinapopata mvua huota mara moja. Kwa kuwa haziendi mbali, watoto hukaa karibu na mama yao, na ndiyo sababu miti hii hukaa makundi makundi.

Ama njaa ya udongo, miti hii huishinda kwa msaada wa uyoga. Nyuzi nyembamba za uyoga huishika mizizi, huenea udongoni na kuutafutia mti chakula. Mti nao huupa uyoga sukari iliyotengenezwa na majani. Ule uyoga ambao akina mama huuokota wakati wa masika ni matunda ya ushirika huo. Mahali palipofyekwa miti yote, uyoga wa namna hiyo hukoma.

Tena, miti hii ikikatwa, kisiki na mizizi huchipua. Kwa hiyo shamba lililoachwa miaka kadha wa kadha hurudi kuwa pori la mtundu na muva, maadamu mizizi haikung'olewa na moto haukuzidi.

Sasa tuitazame miti iliyo michache. Mtu aweza kudhani ya kuwa mti ni haba kwa sababu ni dhaifu. Sivyo. Mingi ni haba kwa sababu imeshika njia yake yenyewe ya kuishi. Mingine hutafuta mahali ambapo tabia ya nchi imelegezwa kidogo: mkuyu hukaa kando ya mto, ambako mizizi hufikia maji, mkwaju hupenda kichuguu, ambacho udongo wake umerutubishwa na mchwa, migunga hushika mbuga yenye udongo mweusi, ambao wakati wa masika hujaa maji na wakati wa kiangazi hupasuka.

Lakini mfano ulio bora ni mninga. Mbegu yake ina bawa, hivyo huchukuliwa na upepo mbali na mama yake. Inapoota, mche hutoa kijiti chembamba, na kiangazi kinapofika kijiti hicho hufa au huungua. Mwaka wa pili huchipua kingine, nacho hufa. Mambo huwa hivyo miaka saba au zaidi. Mpita njia huona kijiti kisichofaa kitu. Kumbe chini ya ardhi mzizi unanenepa na kuweka akiba. Akiba inapotosha, mche huinuka kwa nguvu, upite kimo cha moto. Kisha mti huchukua miaka 80 au 100 hata kufaa kupasuliwa mbao.

Mbao zake nazo ni za ajabu. Mtundu ni mti mgumu na mzito, lakini mbao zake hupinda na huliwa upesi na wadudu. Mninga si mzito hivyo, lakini mchwa hawaupendi moyo wake. Mpingo hukua polepole zaidi, na moyo wake ni mzito hata huzama majini. Ndiyo maana watu huipita miti mia ya mtundu wakaufuata mninga mmoja.

Hapa ndipo hatari ilipo. Tukikata mtundu mmoja, jirani zake wa namna moja huziba pengo. Tukikata mninga uliokomaa, huenda tumeondoa mama pekee wa eneo zima, na mrithi wake atahitaji umri wa mtu na zaidi. Ndugu yake, mkurungu, ulikatwa kwa wingi katika nchi za Afrika ukapelekwa ng'ambo. Kwa sababu hiyo mwaka 2019 mataifa ya mkataba wa CITES yaliutia katika orodha ya miti ambayo haiuzwi nje ya nchi bila kibali maalumu. Na mwaka 2022 miti yote ya Afrika ya ukoo huo, pamoja na mninga, ikatiwa humo.

Urambo imekwisha kuona hasara ya kutojali tabia ya nchi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaling'oa miti na mizizi yake, bila kwanza kujifunza vema mvua na udongo. Mpango ukavunjika mwaka 1951. Baadaye ilikuja tumbaku, ambayo imewapa wengi fedha, lakini mabani yake hula kuni nyingi.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tujihadhari na moto wa mwisho wa kiangazi. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha ya kuwa mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti mikubwa iliisha na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema, nyasi zingali na unyevu, miti ilidumu. Pili, katika kila eneo tuache mininga michache iliyokomaa iwe mama wa mbegu, wala tusing'oe vijiti vyake tukidhani ni magugu. Tatu, mkulima wa tumbaku apande miti ya kuni. Nne, mrina asali atumie mizinga ya mbao, kwani myombo uliobanduliwa gome lake pande zote hufa. Tano, vijiji vitumie Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo yawapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao wenyewe na kuulinda.

Waalimu nao wawapeleke watoto porini mwezi wa Oktoba, wawaonyeshe majani mekundu yaliyotangulia mvua na kijiti cha mninga kinachongoja siku yake. Dunia inazidi kuwa na joto, na haijulikani mti gani utafaa kesho. Mwenye miti ya namna nyingi ana akiba. Mwenye mti wa namna moja amebahatisha.