Mwanasayansi Akihama, Nyumba Nzima Huhama

Tunapopewa dawa kliniki ni mara chache tunamkumbuka aliyeifanyia utafiti. Huyo naye ni mume au mke wa mtu, ana watoto na wazazi wanaomtegemea. Mwaka 2025 wengi wao nchini Marekani walianza kufikiria kufungasha mizigo.

Mapema mwaka huo serikali ya Marekani ilifuta fedha nyingi za utafiti, zikiwemo zile zinazotolewa na Taasisi za Taifa za Afya. Kazi nyingine zilisimamishwa katikati. Mwezi Machi, jarida la kisayansi la Nature liliwauliza wasomaji wake. Kati ya wanasayansi zaidi ya 1,600 waliojibu, watatu katika kila wanne walisema wanafikiria kuondoka. Wengi walitaja Ulaya na Kanada.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo Kikuu cha Aix-Marseille, Ufaransa, kilitenga euro milioni 15 kuwapokea watafiti hao. Mwezi Mei, Umoja wa Ulaya ukaahidi euro milioni 500 kwa miaka 2025 hadi 2027.

Yatuhusu nini sisi?

Yatuhusu sana. Mwaka 1999, utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa fedha za Marekani, ulileta habari njema. Mama mwenye virusi vya UKIMWI alipopewa kidonge kimoja cha nevirapine wakati wa uchungu, na mtoto akapewa kiasi kidogo baada ya kuzaliwa, maambukizi yalipungua kwa karibu nusu, yakilinganishwa na dawa ya zidovudine iliyotolewa kwa muda mfupi. Leo zipo dawa bora zaidi, lakini zilipatikana kwa sababu utafiti haukukoma. Utafiti ukikatizwa njiani, mgonjwa wa kesho ndiye anayeumia.

Kabla ya kufunga masanduku

Marekani, bima ya afya ya familia mara nyingi hutegemea ajira. Kazi ikiisha, mama huanza kuhofia homa ya mtoto. Ufaransa mishahara ya watafiti kwa kawaida ni midogo kuliko ya Marekani, ingawa shule za serikali hazina karo. Basi wenzi wakae chini waulizane: Je, mke au mume anayefuata ataruhusiwa kufanya kazi? Watoto watasoma kwa lugha gani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Nani atawatunza wazazi wazee?

Tukumbuke Elimeleki, aliyeihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa. Alifia Moabu, na mkewe Naomi ndiye aliyebaki na mzigo wote ugenini. Uamuzi wa kuhama usiwe wa mtu mmoja. Uwe wa wawili, umefikiriwa na kuombewa. Nasi tuziombee nyumba hizo, maana kazi ya mikono yao hufika hadi katika wodi zetu za wazazi.